Mjadala: Penzi la Sayyida Salme, mwandishi wa riwaya abuni mpaka wapi?

Mleta mada
Wakuu, Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alitoroka kisiwani Agosti 1866 akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Kitabu chake cha kumbukumbu cha 1886 kinasimulia mavazi, vyakula, harusi na ugomvi wa ndugu, lakini mahaba yenyewe kayapitia juu juu. Pengo hilo ndilo waandishi wa riwaya wanalolichezea. Msimamo wangu: ya moyoni wabuni watakavyo, ila tarehe, pepo za misimu na majengo yabaki yalivyokuwa. Huwezi kuwapa wapenzi miadi Beit al-Ajaib, jumba ambalo kaka yake Barghash, akiwa sultani, alilijenga 1883. Wala kashfa haiwezi kufika London kwa simu ya maandishi. Waya wa baharini ulifika Unguja 1879.

Mchangiaji wa pili
Hayo ya majengo mhariri makini anayasahihisha kwa siku moja. Mimi naogopa zaidi huo "moyo" unaougawa bure. Jiulize kwa nini alinyamaza. Mumewe alikufa 1870 kwa ajali ya tramu Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja na manowari za Kijerumani kudai urithi, na Barghash akakataa hata kumpokea. Mwaka mmoja baadaye kitabu kinatoka. Mjane mwenye madai kama hayo angeandika habari za kukutana faragha na mwanamume, angekuwa anawapa wapinzani wake ushahidi. Kimya chake ni hesabu ya mtu mzima. Riwaya inayompa tamaa ya kike tu inamfuta binti aliyejifunza kuandika kwa siri, kisha 1859 akawa karani wa njama za Barghash dhidi ya kaka yao Majid, sultani wa wakati huo. Mtu huyo angependa bila kupima hatari? Sikubali.

Mchangiaji wa tatu
Nyote mnaruka kazi yenyewe. Anzia mwisho urudi nyuma. Mtoto alizaliwa Aden 7 Desemba 1866, kwa hiyo mimba ni ya Machi hivi. Ramadhani ya 1282 Hijria ilikuwa imekwisha katikati ya Februari. Maana yake mfungo umepita, kaskazi inakatika, na mbele kuna masika. Ukiwakutanisha juani bustanini mwezi wa Aprili umeshapotea. Mvua inanyesha, na binti wa kifalme hatoki mchana ovyo, akitoka ni usiku, na barakoa na taa. Tena mandhari ya kwanza yamo kitabuni mwake: dari, yaani paa bapa, ya nyumba ya Ruete ilikuwa chini kuliko ya nyumba yake, na kutoka dirishani aliona karamu za wanaume wa Kizungu. Dirisha, dari, sahani mezani. Hapo mjumbe wa barua wa kubuniwa na waandishi anatafuta nini?

Kutoroka nako kuna mtego. Aliondoka na meli ya kivita ya Kiingereza, Highflyer, mimba ikiwa ya miezi mitano hivi. Usimvishe tumbo la miezi tisa ili msomaji alie. Na jahazi la kutoka Uarabuni usilitie nanga siku hiyo: Agosti ni kusi, majahazi ya huko huja na kaskazi.

Mchangiaji wa pili
Hesabu nzuri, lakini kalenda haikwambii alijuta au la.

Mchangiaji wa tatu
Haisemi, ila inakuzuia kumdanganyia furaha. Alibatizwa akawa Emily na kufunga ndoa siku moja, 30 Mei 1867, hapo hapo Aden. Mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa, ulifunguliwa Novemba 1869. Kwa hiyo Misri ilivukwa kwa treni, kisha meli nyingine, na kitoto kichanga mkononi. Kilifia njiani, Ufaransa, kabla ya Hamburg. Waandishi wengi wa mapenzi wangekata hadithi kwenye harusi. Atakayeutetea mwisho huo atuambie mtoto kamweka wapi.