Naomba ushauri: nyaraka za uchumi za mtandaoni miaka ya 90 nizipateje?

Habari wakuu. Niko Kigoma, naandika tasnifu kuhusu msamaha wa madeni kwa nchi maskini, ule mpango wa HIPC ulioanzishwa na Benki ya Dunia na IMF mwaka 1996. Tanzania ilifika hatua ya mwisho ya mpango huo Novemba 2001.

Takwimu si shida. Tangu Benki ya Dunia ilipozifungua bure mwaka 2010, unazipata hata kwa simu. Ninachotafuta ni mabishano ya wakati ule: matamko ya wanaharakati, ripoti fupi, rasimu za wachumi kabla hazijachapishwa.

Nina kitabu chakavu ambacho tanbihi zake zimejaa anwani za tovuti. Unaandika herufi kwa herufi, hadi kile kiwimbi cha ~ katikati, unajibiwa ukurasa haupo. Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, imenisaidia, ila mara nyingi inaleta ukurasa wa mbele tu. Ukibofya ripoti yenyewe, hola, na bando limeshaliwa. RePEc, orodha ya mtandaoni iliyoanza 1997, ni hazina kwa makala za wachumi, lakini nyingine ni muhtasari tu, faili lenyewe hadi ulipie.

Je, kuna namna ya kuona mafaili yote yaliyohifadhiwa chini ya anwani moja? Na yale ya zamani yanayoishia na .ps (PostScript) mnayafunguaje kwenye simu?

Wale wa "nitakuandikia tasnifu kwa bei poa" naomba mpite tu, hata huku Mwanga, Kigoma, mpo.