Naomba ushauri: Sir John Fortescue alisaliti hoja zake?

Wakuu, habari zenu. Naandaa mada kuhusu Sir John Fortescue kwa wanafunzi wa sheria mwaka wa kwanza, na nimekwama.

Huyu alikuwa Jaji Mkuu wa mahakama ya mfalme Uingereza tangu 1442. Ukoo wa York ulipomwondoa mfalme Henry VI na kutwaa kiti cha enzi 1461, alimfuata Henry Scotland, kisha akaenda Ufaransa na malkia. Huko uhamishoni alimwandikia mwana wa mfalme kitabu cha kusifu sheria za Uingereza: mfalme hawezi kubadili sheria wala kutoza kodi bila ridhaa ya watu wake. Hapo ananivutia mno.

Tatizo ni 1471. Yule mwana wa mfalme aliuawa kwenye vita vya Tewkesbury, Fortescue akakamatwa. Ili arudishiwe mali zake, Edward IV, mfalme wa ukoo wa York, alimtaka akanushe kwa maandishi hoja zake dhidi ya York, ikiwemo ile kwamba haki ya taji haipiti kwa mwanamke. Akakanusha.

Mimi naona alibanwa, simlaumu. Lakini wanafunzi watauliza kama mwanasheria anaweza kugeuza hoja na bado tumwamini. Mliowahi kufundisha, nianze na kitabu au na ule ukanusho?