Kikundi: Ukoo wa Bi Rukia 🌴

06:41 Zuhura: Assalam aleikum. Twalib apasuliwa shingo Jumanne. Diski kati ya pingili ya 5 na ya 6 imetokeza, yabana neva. Wiki 2 za mwanzo nani alala naye Nairobi? Jazeni:
1. Zuhura
2.
3.

06:58 Zuhura: Naona tiki za buluu. Hamna vidole?

09:20 Mjomba Athman: Amin

09:22 Fumo: Shingo yauma nyuma, kisu chapita mbele. Wamchinja? 😂

09:25 Zuhura: Fumo! Koo husukumwa kando, diski itolewe, pingili ziungwe kwa bamba na skrubu. Sauti hukwaruza siku kadhaa.

09:26 Fumo: Alhamdulillahi, Idi hii haimbi

09:31 Khadija: Ningeenda, ila watoto wana mtihani

09:32 Zuhura: Mzee alipolazwa pia kulikuwa na mtihani

09:33 Khadija: Haya. Basi tuanze na friji ya Kilifi

09:40 Mjomba Athman: Friji gani tena

13:05 Twalib: Nilikuwa kwa daktari. Kidole gumba na cha shahada bado vina ganzi. Ni ile kofia ya urubani, usiku na miwani ya kuonea gizani mbele na uzani wa kuisawazisha kisogoni. Zaidi ya kilo 2, na helikopta yatetemeka mwanzo mwisho. Nikipona narudi kuruka inshallah

13:06 Zuhura: KURUDI??

13:11 Twalib: Marubani wa diski moja hurudi. Kwanza picha ionyeshe mifupa imeshikana, ni miezi hiyo. Shingo igeuke, ganzi iishe, niwe nimeacha dawa kali. Ndipo bodi ya madaktari iamue. Wa jeti hubanwa zaidi, wana kiti cha kuwarusha nje

13:12 Fumo: Yenu ikizima mwashuka na ngazi?

17:48 Bi Rukia: Huyu ni Bibi, naandikiwa na Mwanaidi. Twalib, babako alimficha tajiri wa jahazi habari za mkono wake. Wajua tulivyompata. Bodi wakikuuliza ganzi, sema. Nyuma yako mna watoto wa watu

18:37 Twalib: Sawa Bibi

18:52 Zuhura: Haya. Nambari 2?

19:15 Khadija: Labda nije Ijumaa. Nauli ya reli atoa nani?

19:16 Zuhura: Khadija

21:03 Mjomba Athman: Jumanne ipi?