Mtoto anafikicha macho mpaka usingizini, na dawa inayomtuliza naiogopa

MamaWatatu:
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Mwezi wa pili sasa macho yote mawili yanamwasha, ni mekundu, na asubuhi namkuta na ute mweupe kwenye pembe za macho, ukiuvuta unakuja kama uzi. Akitoka juani anatembea kichwa chini. Nilidhani ni yale macho mekundu ya kuambukizana, nikamtengea taulo lake, lakini nyumbani hakuna mwingine aliyeugua. Matone ya antibiotiki siku saba, wapi! Ndipo nikakumbuka chupa ya deksamethasoni aliyobakiza shangazi yake baada ya upasuaji. Nikamtia, siku ya pili macho yakawa meupe. Nikiacha, baada ya wiki yanarudi. Nimeshamtia vipindi vinne. Niendelee?

Baba_K:
Pole dada. Wangu ilikuwa aleji. Mkande kwa kitambaa cha maji baridi, kinasaidia sana. Hayo matone ya shangazi mimi nisingethubutu.

MuuguziMacho:
Mama, nakuomba usimtie tena hiyo chupa. Isitoshe, dawa ya matone ikishafunguliwa, nyingi hutakiwa kutupwa baada ya wiki nne.

Mwasho wenyewe ndio unaonionyesha njia. Jicho la bakteria hutoa usaha mzito, kope zikagandamana asubuhi, na mara nyingi huanza moja. La virusi huchoma na kutoa maji, mara nyingi pamoja na mafua. La aleji huwasha, tena yote mawili. Kwa mwanao kuna zaidi: mvulana wa umri huo, ute wa nyuzi, kukimbia mwanga. Inafanana na aina kali ya aleji iitwayo venali. Daktari akigeuza kope la juu hukuta vinundu vimebanana kama kokoto, na kokoto hizo hukwaruza kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, kila anapopepesa. Zinaweza kukitia kidonda. Kufikicha nako, kwa miaka, huweza kukifanya kioo kiwe chembamba na kuchongoka.

Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, inatuliza kweli, na hapo ndipo inapowanasa watu. Kwa baadhi yao, watoto hasa, hupandisha presha ya ndani ya jicho bila maumivu yoyote. Mshipa wa kuonea ukishakufa haurudi. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho. Niliwahi kumshika mkono kijana wa miaka 15 kumwingiza chumba cha vipimo, kwa sababu mlango hakuuona. Alikuwa ametiwa matone ya aina hiyo miaka mitatu, hakuna aliyempima presha hata siku moja. Mama yake alikuwa na nia njema kama yako.

Wapo madaktari watakaoandika steroidi kwa venali, kwa muda mfupi, huku wakipima. Dawa ya kila siku ni nyingine, matone ya aleji yasiyo steroidi: olopatadini au ketotifeni, au kromoglikati, ambayo hutiwa mara nne kwa siku na huweza kuchukua hadi wiki mbili kuonyesha kazi yake. Wengi huitupa siku ya nne! Fua mashuka kwa maji ya nyuzi 60, yanaua utitiri wa vumbi, vidudu vinavyochochea aleji. Akilalamika maumivu, au kuona ukungu, au ukiona doa jeupe kwenye kioo, mpeleke siku hiyo hiyo.

MamaWatatu:
Nimerudi. Tumepimwa: presha 17 kulia, 19 kushoto, daktari anasema ni salama ila turudi. Kope likageuzwa, kokoto zile zile. Tumepewa olopatadini asubuhi na jioni. Chupa ya shangazi nimeitupa. Ila usiku mkono bado unaenda machoni.

MuuguziMacho:
Nimefurahi mno kusikia hizo namba! Kata kucha ziwe fupi, na kitambaa baridi dakika tano kabla ya kulala. Usiruke dozi ya jioni. Akiamka na ute mwingi kuliko leo, usingoje tarehe mliyopangiwa.