Mbwa wa miaka 12 ana uvimbe kwenye wengu: apasuliwe au aachwe?

MwenyeMbwa
Wakuu, naomba ushauri wa wanaolijua jambo hili. Mbwa dume, chotara, miaka 12, kilo 27. Alipimwa kabla ya kusafishwa meno, ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 5 kwenye wengu (bandama). Tumboni hakuna maji wala damu. Kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu, yaani PCV, ni asilimia 36. Figo na ini viko sawa. Eksirei moja ya kifua, ya ubavuni, haina doa. Anakula na kutembea, ila viungo hukaza asubuhi. Daktari anataka kuutoa wengu wote. Ndugu wanasema kwa umri huo ni kumtesa bure. Je, si afadhali wamchome sindano, wachukue nyama kidogo wapime kwanza?

DaktariMifugo
Nianze na hiyo sindano, kwa sababu wengi hukwama hapo. Uvimbe wa wengu umejaa damu. Sindano mara nyingi hurudi na damu tupu, maabara inashindwa kutoa jibu, na lile tundu linaweza kuvujisha damu tumboni au kusambaza chembe za saratani. Jibu la uhakika hupatikana wengu ukishatolewa.

Hesabu inayofundishwa kwa miaka mingi ni kwamba theluthi mbili za uvimbe wa wengu ni saratani, na theluthi mbili ya saratani hizo ni hemanjiosakoma, ile ya mishipa ya damu. Ila hesabu hiyo imetawaliwa na mbwa wanaoletwa wameshaanguka, fizi nyeupe, tumbo limejaa damu. Wa kwako umeonekana kwa bahati na haujapasuka. Kwa mbwa kama huyo uwezekano ni mkubwa zaidi kwamba ni bonge la damu iliyovilia au vinundu vya uzee, na hivyo wengu ukitoka vimekwisha. Mbwa huishi vizuri bila wengu.

Ikiwa ni hemanjiosakoma, upasuaji peke yake kwa kawaida humpa mwezi 1 hadi 3. Ukiongeza doksorubisini, dawa ya kuua chembe za saratani, kila wiki 3, mara 4 hadi 6, hufika miezi 4 hadi 6 hivi. Hapo unanunua muda, kupona hakupo.

Kwa hiyo malizieni vipimo kwanza. Eksirei ya kifua iwe 3: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na moja amelala chali au kifudifudi. Mbwa akilala ubavu, pafu la chini hubanwa na kuficha vinundu, ndiyo maana ile moja haitoshi. Moyo upigwe ultrasaundi, hasa chumba cha juu cha kulia, maana saratani hii hupenda kukaa hapo. Apimwe na kuganda kwa damu. Ikionekana imesambaa kifuani au moyoni, mimi nisingepasua.

NesiWaWanyama
Mkuu, kabla ya kusaini, uliza kama hospitali ina damu ya mbwa au mbwa wa kutolea damu, na kama kuna mtu wa kukaa naye usiku huku moyo ukifuatiliwa kwa mashine. Wengu ukitoka, mapigo ya moyo huweza kuvurugika ndani ya saa 24 hadi 48. Mengi hutulia yenyewe au kwa dawa, lakini lazima pawe na mtu wa kuyaona. Kliniki inayofunga jioni na kumwacha peke yake haifai kwa upasuaji huu, hata daktari awe hodari namna gani.

Kubaliana mapema na daktari afanye nini akifungua tumbo na kukuta ini lina madoa. Madoa mengine ya ini ni ya uzee tu, na kwa macho hayatofautiki na saratani. Mwambie achukue kipande cha ini, na simu yako iwe wazi muda wote.

Wengu upelekwe maabara mzima, au vipande kadhaa kutoka sehemu tofauti, kwenye fomalini (maji ya kuhifadhia nyama isioze) ya kutosha: sehemu 10 kwa sehemu 1 ya nyama. Kikienda kipande kimoja kilichokatwa katikati ya damu iliyoganda, saratani iliyo pembeni haitaonekana, nawe utaambiwa yuko salama.

MamaSimba
Mimi nitawatetea hao ndugu kidogo, ingawa kuhusu umri wamekosea. Miaka 12 peke yake haizuii nusukaputi. Kinachozuia ni moyo ulioshindwa au figo zilizochoka. Lakini asiyepasua naye anahitaji mpango, asikae tu kusubiri. Kila siku inua mdomo wake, bonyeza fizi kwa kidole mpaka pawe peupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zikipauka, tumbo likajaa, akalegea ghafla, anavuja damu. Na akiamka kesho yake mchangamfu usidanganyike: damu iliyomwagika tumboni hufyonzwa tena, kisha uvimbe unavuja upya.

Kupima hali yake kuna mizani ya daktari Alice Villalobos wa Marekani: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kimoja alama 0 hadi 10. Jumla ikizidi 35 bado anaishi vizuri. Wanafamilia wajaze kila mmoja peke yake, ndipo mlinganishe. Na mjue sasa, mkiwa mmetulia, nani ataitwa usiku wa manane kumpumzisha kwa sindano iwapo atavuja vibaya.

MwenyeMbwa
Asanteni sana. Na hivyo viungo, naweza kumpa diklofenaki nusu kidonge wakati tunasubiri vipimo?

DaktariMifugo
Hapana, tafadhali usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, aspirini huzuia damu kuganda, na huyu ana uvimbe unaoweza kuvuja wakati wowote. Parasetamoli huharibu ini na chembe nyekundu, usijipimie. Muulize daktari wako kuhusu gabapentini, dawa nyingine ya maumivu: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, yaani 135 hadi 270 kwa huyu, mara 2 au 3 kwa siku. Iwe vidonge au kapsuli. Ile ya maji ya binadamu huweza kuwa na sukari ya zailitoli, nayo ni sumu kwa mbwa. Siku za mwanzo atapepesuka kidogo, kwa hiyo mzuie ngazi.