Tupeane uzoefu: nani aliwahi kulazwa au kuuguza Ndanda?

Wakuu, juzi natoka Masasi kwenda Mtwara, basi likasimama Ndanda. Akashuka mama mmoja na ndoo, ndani ya ndoo sufuria, mwiko na unga kidogo, mkeka kaufunga kwa kamba. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Anakwenda kuuguza.

Sisi wa kusini hospitali ile tumeijua kabla ya kujua kusoma. Kwa wasioifahamu: Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianza Ndanda 1906, baada ya misheni yao ya Lukuledi kuharibiwa kwenye Maji Maji. Miaka ya 1920 akaja Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa na daktari. Leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Benedikto. Mie nimezaliwa pale. Haya, leteni zenu.

*Mjukuu wa Newala:*
Bibi alikuwa akisimulia habari za mama yake. Walishuka mlima kwa miguu kufuata sindano ya buba, ule ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Vidonda vikakauka, basi sindano ikapata heshima kuliko mganga yeyote. Mpaka uzee wake, bibi ukimpa vidonge anakuangalia: "Na sindano?" Asipochomwa, hajatibiwa. Nami huo ugonjwa ninao, nisiseme uongo.

*Mmakua halisi:*
2011 dada yangu alifikishwa na uchungu wa siku mbili. Daktari akasema apasuliwe. Baba yupo, shemeji yupo, wote kimya, anasubiriwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kauli ni ya mjomba. Naye yuko kwenye mikorosho, simu haipatikani. Nesi mmoja mtu mzima akamsogelea dada kitandani: "Mwanangu, anayepasuliwa ni wewe. Unakubali?" Dada akaweka sahihi, mkono unatetemeka, jina likatoka nusu. Mjomba akafika jioni na kuku wawili, kanuna. Akakuta na mimi nimeshakuwa mjomba. Kuku tukala.

*Korosho Daraja la Kwanza:*
Hongera mjomba, hahaha. Yangu si ya Ndanda, ni hospitali nyingine, siitaji. Mgonjwa karuhusiwa mwezi wa tano, bili haijaisha, tukazuiwa siku nne. Mwezi wa tano mkulima wa korosho ana nini? Mnada wa kwanza Oktoba! Tukauza baiskeli. Wanaopanga bei wangeangalia kwanza kalenda ya mkorosho.

*Mama Wawili:*
Mmesahau jikoni. Niliuguza wiki tatu. Mafiga yana wenyewe, ukichelewa alfajiri unapikia uji kwenye moto wa mwenzio, nawe unampa chumvi. Kuna dada wa Nachingwea tuliazimana sufuria moja mpaka wagonjwa wetu wakatoka. Hadi leo tunapigiana simu.

*Wa Mwena:*
Mie babu yangu alikaa Mwena kwenye makazi ya wakoma, pale pale jirani. Alipona, ila vidole ndiyo hivyo tena. Chai alikuwa anakibana kikombe kwa viganja viwili, anapuliza taratibu. Sisi wajukuu tulidhani ndivyo wazee wanavyokunywa chai, tukawa tunabana vikombe vyetu hivyo hivyo. Mama akituona anageukia ukutani.