Mbwa mwitu wamekula mbuzi wangu, klemu ya fidia imekataliwa

Baba Kip, Brainerd, Minnesota:
Hamjambo ndugu zangu. Jumanne alfajiri nimetoka na ndoo ya maji nikapata mbuzi watatu chini kwenye theluji, mmoja ni yule jike wa mimba, shingo imeraruliwa. Nikavuta mizoga nyuma ya zizi juu watoto walikuwa wanalia. Ofisa akaja kesho yake, na sasa nimeletewa barua eti haijathibitishwa ni mbwa mwitu, inaweza kuwa koyote (mnyama kama mbweha mkubwa), na koyote hawalipiwi fidia. Rufaa ya klemu inakatwa wapi? Na wakirudi, naeza piga risasi?

Mama Wairimu, Minneapolis:
Pole sana Baba Kip. USIPIGE. Korti ilirudisha ulinzi wa mbwa mwitu chini ya ESA, ile sheria ya Marekani ya wanyama walio hatarini kutoweka, Februari 2022, hapa Minnesota unaruhusiwa kuua ukiokoa maisha ya mtu, mbuzi haihesabiki. Mwenye green card asicheze na hiyo kesi, N-400, ile fomu ya kuomba uraia, inauliza kila kitu.

Omosh:
Lakini Wisconsin si wanawinda? Jamaa wa kazini aliua.

Mama Wairimu:
Omosh, hiyo ilikuwa Februari 2021! Wawindaji waliruhusiwa mbwa mwitu 119, wakaua 218 kwa siku zisizofika 3. Sasa imefungwa. Wanaowinda kwa leseni ni Montana na Idaho, huko Kongresi iliwatoa mbwa mwitu kwenye orodha ya ulinzi 2011. Usimpotoshe mwenzako, akifungwa utamlelea watoto?

Baba Zuhura, Göteborg:
Huku Sweden paragrafu ya 28 ya kanuni za uwindaji inamruhusu mfugaji kupiga akimkuta mbwa mwitu anashambulia mifugo, na EU nayo Juni 2025 imemshusha daraja la ulinzi.

Omosh:
Mtu ameuliza ya Minnesota, mzee wangu.

Nyambura, Duluth:
Kosa lilikuwa kusongesha mizoga. Mzoga unaachwa palepale, unafunikwa na turubai, unapiga picha ya nyayo na rula kando yake, ya mbwa mwitu inajaza kiganja, ya koyote ni ndogo. Halafu simu siku hiyohiyo. Ikithibitishwa, wategaji wa USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, ndio wanakuja, si wewe na bunduki.

Cheruiyot:
Mmenikumbusha shangazi yangu Laikipia, Kenya. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inasema mifugo italipwa, fisi wakamaliza kondoo, fomu ikajazwa, akazeeka akingoja. Usiku tulikuwa tunawasha moto nje ya boma, tunalala tukiwasikia wakicheka kule bondeni. Nimemiss hata hiyo kelele.

Mama Wairimu:
Na wanasiasa wetu wanakuja huku kuomba kura za diaspora.

Baba Kip:
Asanteni. Jana usiku mbwa mwitu wamelia tena ng'ambo ya ziwa, mbuzi wote wamebanana kona moja ya banda, nimelala na wao na tochi hadi asubuhi. Lakini bado nauliza, kuna mtu hapa amewahi kukata rufaa ya hii klemu akalipwa? Niandikieni kando, hata usiku.